Matunzo ya Mwanaume Mzima

Jumatatu, Machi 10

Tarishi wa mahakama ameniletea bahasha ofisini mchana kweupe, mbele ya wateja wawili. Amesoma jina langu kwa sauti kama ananadi mali. Nimetia saini bila wasiwasi, maana talaka niliiomba mwenyewe mwezi uliopita, nikadhani ni tarehe ya kesi tu.

Kumbe mume wangu, Baba Chiriku, anadai matunzo. Si ya mtoto. Yake yeye! Mwanaume mzima, ana ndevu, ana mikono miwili, anaiomba mahakama iniamuru nimtunze wakati kesi inaendelea, na tukishaachana niendelee kumtunza miaka mitatu, "hadi atakapoweza kujisimamia."

Nimeisoma mara nne. Mteja mmoja ameniuliza kama nimefiwa.

Jumanne, Machi 11

Mvua imeanza. Nimemkuta jikoni anachagua mchele. Tangu Januari analala chumba cha wageni, lakini jikoni bado ni ufalme wake.

"Nimepata karatasi yako," nikasema.

"Ndiyo."

"Huoni haya?"

Akatoa kijiwe kwenye sinia, akakiweka pembeni. "Chiriku anasoma sebuleni. Punguza sauti."

Nipunguze sauti! Kwenye nyumba ambayo kila tofali lake nimelitolea jasho porini, jua la utosi, kifaa cha kupimia begani! Mimi ni mpima ardhi. Nalala kambini wiki mbili, tatu, narudi visigino vimepasuka. Yeye anashinda ndani chini ya feni. Halafu nipunguze sauti.

Nimebamiza mlango mpaka picha ya harusi imekaa upande. Nimeiacha hivyo hivyo.

Alhamisi, Machi 13

Nimekwenda kwa wakili wangu. Mtu wa suti na pete mbili, anacheka kabla hujamaliza sentensi.

"Sheria gani hiyo inayomlisha mwanaume?" nikamuuliza.

"Sheria yetu inasema mwenza, mama. Haisemi mke. Mwenye nacho anaweza kuamriwa kumtunza asiye nacho, kesi ikiwa njiani, na hata baada ya talaka. Na usichanganye mambo: matunzo ya mtoto ni fungu lake, matunzo ya mwenza ni fungu lake."

"Kwa hiyo nimekwisha?"

Akacheka. Akasema hakimu hatoi tu kama sadaka. Anaangalia ndoa imedumu miaka mingapi, nani anaingiza kipato, nani aliacha kazi na kwa ajili ya nani, na kama huyo anayedai anaweza kurudi kazini akajitegemea.

"Hilo la kuacha kazi ndilo letu. Mumeo alikuwa nani?"

Nikamweleza. Alikuwa mchora ramani, ofisi moja na mimi. Mimi napima, yeye anachora. Chiriku alipofika miaka mitatu ndipo tukaambiwa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Ikawa kila mwezi wodini, na homa, na maumivu ya mifupa ambayo mtoto analia hadi sauti inakauka. Ikabidi mmoja wetu akae nyumbani. Huu ni mwaka wa tisa.

"Nani aliamua aache yeye?"

"Tuliamua."

"Kuna maandishi?"

"Mtu na mumewe wanaandikiana?"

"Basi aliamua yeye," wakili akasema, na akaandika hivyo. Nami nikamwacha aandike.

Ijumaa, Machi 14

Mvua. Kazi za porini zimesimama.

Jumamosi, Machi 15

Mvua. Sijawahi kukaa nyumbani muda mrefu hivi. Kuta zinanisogelea.

Jumatatu, Machi 17

Mama amekuja na mwavuli wake na ulimi wake. Alimpita Baba Chiriku kibarazani bila salamu, akakaa, akasema makusudi ili asikike: "Nilikwambia huyu ni mwanaume suruali. Kaolewa, sasa anadai matunzo ya eda!"

Tukacheka mpaka machozi. Nilifurahi, sikatai. Nilikuwa na hamu ya kumwona ameumia.

Akaingia na birika la chai, akamimina vikombe viwili, cha Mama bila sukari kwa sababu ya kisukari chake, akatoka. Hakusema neno. Huo ukimya wake ndio unaonipandisha hasira kuliko matusi. Mtu anayenyamaza anakufanya uonekane wewe ndiye mshenzi.

Jumatatu, Machi 24

Mahakamani. Hakimu, mama wa makamo mwenye kikohozi, ametoa amri ya muda: nimpe Baba Chiriku robo ya kipato changu mpaka kesi iishe. Wakili wake ni binti wa miwani kutoka msaada wa kisheria, sauti ndogo kama anaazima chumvi. Nusura nisimame niseme kitu ambacho kingenipeleka rumande.

Wakili wangu akaninong'oneza kwenye korido: "Mtoto abaki kwako. Yeye ahame. Ukiwa wewe ndiye unamlea, hoja yake ya ulezi inakufa."

Nikakubali palepale. Wala sikufikiria.

Jumanne, Machi 25

Amehamia kwa dada yake, mtaa wa pili. Wifi alikuja na toroli la kubebea mizigo na hakuniangalia usoni.

Mlangoni Baba Chiriku akageuka. "Kuhusu dawa zake, kuna mambo madogo madogo..."

"Nimemzaa mimi," nikamwambia. "Hunifundishi mwanangu."

Akatikisa kichwa, akaenda. Chiriku, ambaye jina hilo alilipata kwa kupiga soga toka asubuhi, leo hajasema lolote mpaka kulala.

Ijumaa, Machi 28

Nimeunguza wali. Nimeunguza na sufuria.

Jumatatu, Machi 31

Kumbe kuna kapsuli za asubuhi na vidonge vya jioni, na kuna siku havifanani. Kumbe anatakiwa kunywa maji lita mbili kwa siku na lazima umwone akinywa, maana anamwagia maua. Kumbe sweta linapashwa joto kabla hajalivaa. Haya yote ananiambia mtoto wa miaka kumi na miwili, mikono kiunoni. Nimemgombeza. Mchana nilijifungia bafuni nikajigombeza mimi.

Ijumaa, Aprili 4

Ijumaa shule inafungwa saa saba. Sikujua. Nilifika saa tisa kasoro. Alikuwa kwenye kibanda cha mlinzi, soksi zimelowa chapachapa, midomo imepauka.

"Baba huwa anakuja saa saba kasoro dakika kumi," akasema. Hakulaumu. Angelaumu ningejitetea.

Jumapili, Aprili 6, na siku zilizofuata

Naandika kwenye benchi la hospitali, kwa vipande.

Jumapili saa tano asubuhi alisema miguu inamuuma. Nikampa dawa ya maumivu, nikamfunika blanketi, nikampa maji. Maumivu ya miguu nayajua, nikajiambia, yatapita. Saa sita akasema, "Mama, kifua."

"Tulia, dawa itafanya kazi."

"Mpigie baba."

"Mimi nipo."

Hapo ndipo pananichoma. Mtoto aliomba baba yake, mimi nikasikia nimetukanwa. Nilikaa nusu saa nzima nikimsugua mgongo, mvua inapiga dirisha, najiambia nikimpigia simu atakwenda kuisimulia mahakamani. Nusu saa! Nilikuwa napima mtoto wangu na kesi.

Aliposhindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ndipo nikapiga.

Hakuuliza habari. "Ana homa?"

"Sijapima."

"Pima. Usikate simu."

Thelathini na tisa na nusu.

"Sasa angalia tumbo lake, hesabu pumzi. Dakika moja kamili."

Nikahesabu. "Thelathini na nane."

"Toka naye sasa hivi. Homa na kifua pamoja si ya kungoja. Nakuja."

Sijamaliza kumvisha viatu akawa mlangoni, amekimbia mtaa mzima kwenye mvua, ndala moja mguuni, nyingine imebaki kwenye tope. Akambeba hadi garini. Mimi niliendesha. Yeye nyuma, nasikia anamwambia, "Vuta kwa pua. Moja. Toa. Mbili." Sauti yake ilikuwa kama anamsomea hadithi.

Daktari akanigeukia mimi, mama. Damu yake ya kawaida huwa ngapi? Aliongezewa damu lini mara ya mwisho? Kuna dawa inayomdhuru? Nilifungua mdomo. Mimi, ninayekumbuka namba za mawe ya mipaka niliyoyasimika miaka kumi iliyopita, sikuwa na namba hata moja ya mwanangu. Baba Chiriku akajibu zote, kwa tarehe, huku maji yanamchuruzika nguoni.

Wakampa oksijeni, wakamwongezea damu. Daktari akasema kifua kilikuwa kimeanza kujaa. "Mngekawia hadi jioni tungekuwa tunazungumza mengine."

Muuguzi mmoja alimletea Baba Chiriku taulo na chai bila kuulizwa, akamwita kwa jina. Halafu akaniangalia mimi kwa adabu. "Na wewe ni shangazi?"

Baba Chiriku akasema haraka, "Ni mama yake. Huwa anasafiri kikazi." Alinitetea, mshenzi huyu. Ningependa angenitukana.

Alhamisi, Aprili 10

Chiriku ametolewa oksijeni. Ameanza kuchonga mdomo na wagonjwa wa vitanda vya jirani. Anakwenda kukaa kwa baba yake. Wakili wangu alipiga simu kupinga, nikamkatia.

Kabla hawajaruhusiwa nilimuuliza Baba Chiriku, benchi lilelile, "Kwa nini hukurudi kazini? Chiriku anasoma siku hizi. Saa za asubuhi ulikuwa nazo."

"Nilikwenda. Miaka miwili iliyopita, ofisi yetu ya zamani. Mkuu wa chumba cha ramani akaniweka mbele ya kompyuta, akasema, haya, chora. Meza zetu za kuchorea wameshazitupa. Sikujua hata pa kuanzia. Nilirudi nyumbani nikapika."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa kambini. Uliporudi ulikuwa na wageni, ukawaambia mimi ni mfanyabiashara."

Nilisema hivyo, kweli. Nimesema hivyo kwa watu wengi. Hata kwenye ombi la talaka niliandika kwamba hatuelewani tena, na hakimu ataamini. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilipandishwa cheo, nikafungua ofisi yangu, kila karamu wananiuliza, na mzee anafanya kazi gani? Nikachoka kudanganya. Badala ya kuacha uongo nikaamua kumwacha mtu.

Sijui kwa nini kuandika haya kunanifanya nitamani kuvunja kikombe. Nimekivunja.

Jumatano, Aprili 23

Mvua. Nyumba inanuka unyevu. Nimechagua mchele mwenyewe. Dakika arobaini na bado nimetafuna jiwe.

Jumapili, Mei 4

Mama kaja. "Suruali yako haijambo?" Nimemwambia akome. Amechukua mwavuli akaondoka bila kumaliza chai.

Jumanne, Mei 13

Kesho natoa ushahidi. Wakili amenifundisha jibu kama mtoto wa chekechea. "Atakuuliza nani aliamua aache kazi. Unasema: aliamua mwenyewe. Basi. Hakuna barua, hakuna shahidi. Ni neno lako na lake, na wewe ndiye unayeheshimika."

"Na kama si kweli?"

Alicheka. "Mama, kweli ndiyo itakayokulipisha miaka mitatu."

Jumatano, Mei 14

Leo nimekula kiapo.

Chumba cha mahakama kimeezekwa bati na mvua ilikuwa inashuka kama mawe. Wakili wangu akauliza yake, nikajibu. Kisha yule binti wa miwani akasimama.

"Shahidi, mume wako alipoacha kazi, nani kati yenu alikuwa na cheo cha juu?"

"Yeye."

Hakimu akakohoa. Wakili wangu akaacha kuandika.

"Kwenye mitihani ya kazi, nani aliongoza?"

"Yeye."

"Na nani alisema aache kazi?"

Nilikumbuka vizuri. Tulikuwa korido ya wodi ya watoto, nimepata barua ya kupandishwa cheo, naogopa kukipoteza. Nilimshika shati. Nilimwambia, acha wewe, mimi nitawalisha wote, hutakosa kitu maadamu nipo hai. Aliuliza mara moja tu, "Una hakika?" Kesho yake akapeleka barua ya kuacha kazi.

"Mimi," nikasema.

"Sauti, shahidi," akasema hakimu. "Mvua inakumeza."

"Mimi!"

"Rudia kwa ukamilifu."

Ikabidi nipige kelele, chumba kizima, makarani na watu wa kesi nyingine wananikodolea macho: "Mimi ndiye niliyemwambia aache kazi! Nikamwahidi kumtunza! Yeye hakutaka!"

Wakili wangu alifunga faili kama anayefunika maiti.

Nilitoka. Nikamsubiri Baba Chiriku kwenye ngazi. Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea shukrani. Alikuja, akasimama, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne ya ndoa nikamsikia akipaza sauti.

"Unaniangalia nini? Unataka nikupigie makofi? Miezi miwili umemwacha yule wakili wako aniite mvivu kwenye karatasi ambazo binti yetu atakuja kuzisoma! Mama yako ananiita suruali nyumbani kwangu, nawe unacheka! Leo umesema kweli mara moja, tena kwa kulazimishwa na mvua, unataka nikushukuru?"

"Sikulazimishwa..."

"Nyamaza! Miaka tisa nimenyamaza mimi. Sidai sadaka. Nadai nilichofanyia kazi."

Watu waligeuka. Alikuwa analia na ana hasira, vyote kwa pamoja, na hakujifuta. Kisha akashuka ngazi akaingia mvuani.

Nikapandwa na hasira. Nimerudi nayo nyumbani, nimeoga nayo.

Alhamisi, Mei 15

Wakili amejitoa. Bili yake haikujitoa.

Jumatatu, Mei 26

Manyunyu. Kambini wanaulizia lini tunarudi.

Jumanne, Juni 3

Hukumu. Ndoa imevunjwa. Nimpe matunzo miaka miwili, si mitatu, muda wa kusoma uchoraji wa kompyuta na kutafuta kazi. Akioa kabla ya hapo, yanakoma. Mambo ya mmoja wetu yakibadilika sana, tunaweza kurudi mahakamani hakimu aangalie upya. Ya mtoto ni kando. Chiriku akae kwa baba yake nikiwa kambini, kwangu nikiwa mjini.

Wakati tunatia saini kalamu ya Baba Chiriku ilikwama. Nikampa yangu. Alisaini akaiweka mezani, hakunirudishia mkononi.

Nina hasira bado. Nitalipa, na kila mwezi nitakasirika. Nimekasirika kwamba hakupiga kelele zile miaka mitano iliyopita, labda ningemsikia. Nimekasirika kwamba ilibidi mtoto akose pumzi ndipo nijue bei ya sweta lililopashwa joto.

Jumapili, Juni 8

Jua limetoka. Nilikuwa naanika mahema ya kambini uani, Mama akaingia. Hatujaongea mwezi mzima. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

"Nasikia umeshindwa."

"Sikushindwa, Mama. Nimeamriwa kutimiza ahadi yangu."

"Utamlipa mwanaume kwa kupika!"

"Kwa kupika, kwa kufua, kwa kukesha wodini, kwa kazi yake aliyoiacha ili mimi nipande. Ndiyo. Nitamlipa."

Nilidhani atanipasukia. Akaanza kuchezea zipu ya mkoba, anaifungua, anaifunga.

"Mimi na baba yako tulikaa miaka ishirini na miwili," akasema. "Nilizaa watano. Duka lile lilianza na mashine yangu ya kushonea. Aliponiacha nilitoka na godoro. Nililibeba kichwani, mchana, majirani wanaona."

Sikujua. Walipoachana mimi nilikuwa chuoni, na nilichoambiwa ni kwamba Mama ameamua kuishi peke yake.

"Ulistahili zaidi ya godoro, Mama."

"Usinionee huruma, nitakuchapa." Sauti ilikuwa ya hasira hasa, siyo ile ya masihara yake. "Nakuuliza. Huyo hakimu wenu. Kama kwa miaka tisa kampa huyo suruali miaka miwili, mimi kwa ishirini na miwili angenipa mingapi?"

"Sijui, Mama."

"Na duka bado lipo. Juzi nimepita, kalipaka rangi mpya."

"Ni miaka kumi na minane imepita. Pengine sheria haikuruhusu tena."

"Sikukuuliza imepita mingapi." Akafungua mkoba, akatoa simu yake ya vitufe, akaninyooshea. "Nipigie wakili."

"Wangu amejitoa."

"Yule wako anachekacheka hovyo, wa nini? Nipigie wa Baba Chiriku. Yule binti wa miwani."